Mluzi wa Kunyweshea Ng'ombe

Santuri ya zamani haikuwa na mluzi.

Ghati Wambura alimwomba mwenye duka airudishe sindano mwanzo, akasikiliza tena, amesimama wima na mkoba begani kama mtu anayeogopa kuachwa na basi. Ngoma. Gitaa. Kisha saksafoni ikaingia palepale ambapo mluzi ulipaswa kuwa, ikalia kidogo, ikampisha mwimbaji. Lonnie Tredwell, kijana wa Washington, aliurekodi wimbo huo mwaka 1964 akauita "Ngazi ya Tatu". Mwanamume amelala macho wazi, anasubiri ngazi ya tatu ya nyumba yake ilie, maana ndiyo iliyokuwa ikilia kila mkewe aliporudi. Watu waliucheza wakauchoka wakausahau. Mwaka huu wa 1998 sinema moja ikaufufua, na sasa ulitoka kwenye kila gari lililosimama taa nyekundu.

"Hakuna toleo jingine la zamani?" Ghati aliuliza.

"Mama, hii niliinunua siku ilipotoka, bado nina nywele," alisema mwenye duka, mzee wa Kimarekani aliyeitwa Solomon, akikipapasa kipara chake. "Hakuna jingine. Tredwell alikufa na kanda zake ziliungua."

"Na ule mluzi wa kwenye sinema?"

"Wa kwenye sinema ni wa kwenye sinema. Watu wale hawakupata kanda, wakaurekodi upya. Mwaka jana, hapo Alexandria, ng'ambo ya mto. Saksafoni wakaitoa." Alikunja uso. Kwake hilo lilikuwa kosa la jinai. "Unanunua au unasikiliza tu?"

Ghati alinunua. Hakuwa na gramafoni nyumbani, lakini alikuwa amefanya kazi ya upelelezi polisi Musoma miaka mingi kabla ya kuvuka bahari, na huko alijifunza kwamba shahidi aliyekupa jibu zuri humwachi mikono mitupu. Sasa alihoji mashahidi kwa niaba ya wakili mmoja wa Alexandria. Watu wa nyumbani, Wakenya kwa Watanzania, walimletea Jumapili baada ya ibada yale mambo ambayo huwezi kuyapeleka polisi ukaeleweka.

La Jelagat lilikuwa mojawapo.

Jelagat alikuwa Mkalenjin wa Kinandi, mhudumu wa wazee katika nyumba ya kutunzia wagonjwa huko Laurel, mwanamke mpole wa miaka thelathini na kitu ambaye hajawahi kumpigia mtu kelele. Mwanzoni mwa mwezi alikwenda sinema na wenzake wa kwaya. Kwenye tukio la mwisho mke wa askari anaosha vyombo, maji yanamiminika, halafu kabla ya wimbo kuanza mtu anapiga mluzi polepole. Jelagat alisimama gizani. Walio nyuma wakamwambia aketi, naye akabaki amesimama hadi taa zikawashwa.

"Afande, huo si wimbo wa Wamarekani," alimwambia Ghati Jumapili iliyofuata, kwenye maegesho ya kanisa. Wakenya walimwita afande kwa utani, yeye alimwita hivyo kwa heshima. "Huo ni wa kunyweshea ng'ombe. Kwetu kila boma liko na wake. Wakifika mtoni unawapigia pole pole, wanakunywa bila kushtuka. Sasa huu ni wa boma yetu. Uncle Kibet aliupiga mpaka akafa."

"Basi ni wa ukoo. Kwa nini useme ni wa baba yako?"

"Si usikize mwisho wake. Unavuja. Unasikia kama 'sss' kidogo. Wa Uncle haukuwa unavuja, yeye hakung'olewa meno, alikimbilia misheni. Baba aling'olewa yale mawili ya chini, vile wazee walikuwa wanafanya. Mama ameniambia hiyo story tangu nizaliwe: mluzi ya babako ilikuwa inavuja."

Baba huyo, Kipkemboi, aliondoka mwaka 1962 kuja kusomea udaktari Washington, Jelagat akiwa bado tumboni. Alijulisha kwamba amefika salama. Baadaye kimya. Mama, Jepkosgei, alikataa kurithiwa na shemeji, akakataa kunyolewa nywele za msiba, akakataa pia kwenda kuolewa kwingine. Sasa moyo wake ulikuwa umechoka na daktari wa wilaya hakuficha.

"Mama anataka kitu moja tu," Jelagat alisema. "Aambiwe kama yeye ni bibi ya mtu ama ni mjane. Kama alikufa, anyolewe, alie, amalize. Kama yuko, atangoja. Amesema hataki kuenda kaburini akiwa hajui ni nani."

Ndiyo maana Ghati alipotoka kwenye duka la Solomon alikuwa akitembea haraka kuliko umri wake. Hesabu ilikuwa rahisi. Ikiwa mluzi ulirekodiwa mwaka jana, basi mwaka jana mwanamume asiye na meno mawili ya chini alisimama mbele ya kipaza sauti Alexandria. Alikuwa hai. Miaka thelathini na sita, na yuko hai, ng'ambo ya mto tu.

Haraka haraka haina baraka. Ghati alikuwa amewaimbia askari vijana msemo huo mpaka wakauchukia. Lakini alipita kwenye simu ya barabarani, akaingiza sarafu, akampigia Jelagat kazini.

"Aliyepiga mluzi alikuwa hai mwaka jana," alisema. "Mdogo wangu, usimwambie mama bado. Ngoja nimwone kwa macho yangu."

Upande wa pili mtu alikuwa analia na kucheka kwa pamoja, na mzee fulani alikuwa akiuliza kama chai yake imesahaulika.

*

Studio aliipata baada ya wiki moja, ghorofa ya chini, nyuma ya duka la mazulia. Fundi wa sauti, Wesley, alikuwa mtu mwembamba aliyependa kula karanga huku akizungumza.

"Siku ile sikuwepo," alisema kabla hajaulizwa sana. "Aliyerekodi amehamia California. Mimi nilisafisha sauti tu."

"Nataka wanaume waliokuwa ndani."

"Wanaume?" Wesley alihesabu kwa karanga juu ya meza. "Mwimbaji. Ngoma. Besi. Gitaa."

"Yupo Mwafrika? Namaanisha wa Afrika kabisa."

"Mpiga gitaa. Wote wanamwita Papa. Anaendesha teksi, utampata mbele ya ile hoteli kubwa karibu na kituo cha treni."

"Umri?"

"Mzee. Sitini?"

Ghati alijilazimisha kuuliza polepole. "Akicheka, meno yake ya chini yamekamilika?"

Wesley aliacha kutafuna. "Swali la ajabu. Hapana. Ana pengo. Anacheka sana, ndiyo maana najua."

Kama angekuwa mtu wa kushangilia, Ghati angeshangilia hapo. Badala yake aliomba asikilizishwe mluzi mtupu, bila ngoma wala gitaa. Wesley akabonyeza. Yakaja maji kwanza, yakimiminika kwa kugugumia, halafu mluzi, mpole, unashuka, unapumzika, na mwishoni ile 'sss' kama pumzi ya mtu anayechoka kukungoja.

"Haya maji ni ya yule mwigizaji anayeosha vyombo?"

"Hapana, na hilo ndilo la kuchekesha. Maji yalikuwemo kwenye kanda toka mwanzo. Mwongozaji akayasikia, ndipo akaamua mke aoshe vyombo."

Ghati aliliweka jambo hilo kando. Alikuwa na mzee mwenye pengo, na mpelelezi aliyeshiba jibu moja hali jingine. Laiti angelila lile la maji.

*

Papa Ilunga alikuwa ameegemea teksi yake kwenye foleni mbele ya hoteli, amevaa koti la sufi ingawa jua lilikuwa bado na nguvu. Ghati alipomsalimu kwa Kiswahili uso wake wote ulifunguka, na pengo likaonekana. Lilikuwa chini. Lakini lilikuwa jino moja.

"Mi ni mutu wa Lubumbashi, mama," alisema. "Karibu. Unaenda wapi?"

"Siendi popote, Papa. Hilo jino lilitokaje?"

"Ah! Ballon, mpira. Tulikuwa tunacheza ballon na batu ya mission, kipa akanipiga na kisigino." Alicheka tena. "Weye ni dentiste, munganga ya meno?"

"Natafuta mtu aliyepiga mluzi kwenye 'Ngazi ya Tatu'."

"Aah, ile." Papa Ilunga alilamba midomo, akaikunja, akapuliza. Ilitoka hewa tupu. Akajaribu tena, mashavu yamevimba, na dereva wa teksi ya mbele akageuka kutazama. "Unaona? Pumzi tu. Mi njo nilipigaka guitare, lakini mluzi, hapana. Sijui tangu utoto."

"Basi ni nani? Mwimbaji? Wa ngoma?"

"Hapana."

"Papa, wanaume walikuwa wanne."

"Wanne, vrai, ni kweli." Alimtazama kwa mshangao wa kweli. "Lakini mama, nani alikuambia ni mwanaume?"

Ghati akauteremsha mkoba begani.

"Ni ule mama wa choeur, wa kuitikia," Papa Ilunga aliendelea. "Denise. Tulikuwa tunapumzika, micro za kurekodi hazijazimwa. Akaenda kwa ile fontaine ya maji ya kunywa, akajaza maji kwa kikombe, akaanza kupiga mluzi, hata yeye mwenyewe hakujua. Batu yote wakanyamaza. Mi nilimuonaka na macho yangu."

"Meno yake?"

"Yote iko. Mazuri, ya Amerika."

Kwao Ghati, Tarime, bibi yake alimfinya midomo kwa kucha siku aliyothubutu kupiga mluzi uani. Mwanamke hapigi mluzi, anaita nyoka, anaita msiba. Kwa kina Jelagat ilikuwa vilevile. Wanawake wawili wa pande mbili za mpaka walikuwa wamekaa kwenye maegesho ya kanisa huko Marekani wakamtafuta mpiga mluzi, na hakuna hata mmoja aliyefikiri kwamba mtu huyo anaweza kuvaa sketi. Kila mahali Ghati alikuwa ameulizia wanaume, na kila mahali alijibiwa wanaume. Kuuliza si ujinga, ndivyo walivyosema wahenga, lakini hawakumwona Ghati siku ile akiuliza nusu ya swali.

Aliketi kwenye kiti cha nyuma cha teksi bila kualikwa, akaipanga upya kesi yake. Mwanamke mwenye meno kamili hana pa kuvujishia. Basi ile 'sss' aliiweka kwa ulimi, kwa makusudi, kwa sababu ndivyo alivyofundishwa, akadhani ni sehemu ya wimbo. Na kuvuja namna ile hufundishwi ila na anayevuja. Kipkemboi alikuwa na mtoto hapa. Kuhusu yeye mwenyewe, kama alikuwa hai au la, mluzi haukusema lolote. Haukuwahi kusema. Ni Ghati aliyesema.

Aliomba simu ya hoteli, akampigia Jelagat.

"Mdogo wangu, mama hujamwambia, sivyo?"

Kwenye simu mlango ulifungwa, na sauti za wazee zikakatika.

"Nilimwambia, afande. Ile siku ile. Ningewezaje kunyamaza? Amepaka nyumba upya. Ameweka maziwa kwa kibuyu, ile ya mkaa, ile Baba alikuwa anapenda. Amewaambia majirani wote."

*

Denise Kemp aliishi Greenbelt, kwenye mojawapo ya nyumba zile za zamani za matofali zilizopangwa na serikali, zenye njia za miguu zinazopita nyuma ya bustani. Alikuwa mwalimu wa muziki wa watoto, mwanamke mrefu wa miaka thelathini, paji la uso pana. Alidhani Ghati amekuja kwa habari ya haki za sinema, akamkaribisha sebuleni kwa wasiwasi.

Ghati hakugusia mluzi. Alisema kiu imemshika njiani, akaomba maji.

Denise akaenda jikoni, mlango ukabaki wazi. Bomba likafunguliwa. Glasi ikaanza kujaa, na mluzi ukaanza nayo, chinichini, mpole, ukashuka, ukapumzika, ukavuja. Bomba likafungwa, na mluzi ukafungwa nalo.

Ghati aliipokea glasi akaiweka mezani bila kunywa.

"Umejuaje kupiga hivyo?"

"Kupiga nini?" Denise akaona haya. "Oh. Mazoea mabaya. Nikimimina maji unatoka wenyewe. Baba ndiye aliyenizoesha. Nilipokuwa mdogo hakunipa kikombe cha maji bila kunipigia. Nilipoanza shule nikashangaa kumbe baba wengine hawafanyi."

"Na ile 'sss' ya mwisho?"

"Ni sehemu ya wimbo."

"Baba yako alikuwa na pengo hapa chini? Meno mawili?"

Denise akapeleka kidole kwenye midomo yake mwenyewe, akakiacha hapo. "Alisema alizaliwa hivyo," alisema. "Wewe ni nani?"

"Yuko wapi baba yako, Bi Denise?"

"Tulimzika Machi, mwaka juzi."

Ghati alikuwa amelitarajia. Tangu kwenye teksi alikuwa amelitarajia, na bado lilimuuma, kwa sababu alimwona akilini mwanamke mzee asiyemjua akipaka nyumba udongo.

Akamweleza yote, moja baada ya jingine, kama anavyotoa ushahidi mahakamani: boma, mto, ng'ombe, meno, mke. Alipomaliza, Denise alisimama akaleta picha kutoka chumba cha ndani. Mwanamume mwembamba mwenye sare ya dereva wa basi amesimama kando ya mlango wa basi, amefunga mdomo, kama mtu anayechunga meno yake yasionekane.

"Paul Kemp," Denise alisema. "Ndilo jina nililolijua. Akifungua mlango wa nyumba alikuwa anasema 'chamgei'. Nilidhani ni neno alilolitunga yeye."

"Ni salamu ya kwao."

Denise aliitikia kwa kichwa, taratibu. "Nilimuuliza mara moja kwa nini hatuendi Afrika. Alisema kijijini kwao walimwita daktari kabla hajapanda ndege. Wazee, watoto, kila mtu, daktari, daktari. Akafeli mwaka wa kwanza. Akaniuliza, 'Sasa nirudi niwaambie nini?' Nilikuwa na miaka kumi na miwili."

"Hakutaja mke?"

"Hospitalini, mwishoni. Alisema kuna mtu alimwacha na mimba. Akataja jina, sikulishika, lilikuwa refu na sauti imekwisha. Nikamuuliza, unataka nifanye nini? Akaomba maji." Denise aliitazama ile glasi mezani. "Midomo yake haikuweza tena kupiga. Nikampigia mimi akinywa. Ndiyo mara ya mwisho aliyokunywa."

Machozi yalimshuka Denise bila sauti, na Ghati aliyaacha yashuke. Yeye pia alikuwa akiifuta miwani isiyokuwa na vumbi.

"Pale studio sikukusudia," Denise alisema. "Lakini waliponiomba wautumie, nilikubali upesi. Nilijiambia, labda yupo mtu mahali atausikia."

"Ameusikia. Yuko Laurel."

"Laurel?" Denise aliinua uso. "Baba aliendesha basi la Laurel."

*

Jumamosi saa tatu asubuhi walikuwa wote watatu kwenye fleti ya Jelagat. Nyumbani ilikuwa saa kumi jioni, na Jepkosgei angekuwa ameshafika dukani kwa mpwa wake, ambako ndiko kulikokuwa na simu. Kila Jumamosi alishuka kilima kuja kungoja.

Ghati alimwambia Jelagat habari mlangoni, kabla Denise hajapanda ngazi. Jelagat aliegemea ukuta. Alipomwona Denise akimaliza ngazi ya mwisho akamtazama muda mrefu, paji la uso, mikono, paji la uso tena.

"You look like Uncle Kibet," alisema. Halafu wakashikana.

Ikapita robo saa ya chai isiyonywewa. Denise alimwonyesha picha. Jelagat aliishika karibu sana na macho, kama asiyeona vizuri.

"Nilikuja hapa ninety-four," alisema kwa Kiswahili, akimgeukia Ghati. "Sikuwa na gari. Miaka miwili nilipanda basi kila siku. Nilikuwa nasema 'thank you, driver' nikishuka, vile watu wa hapa wanasema." Akaigeuza picha kifudifudi mezani. "Muulize basi lake lilikuwa namba gani. Hapana, usiulize. Afande, usiulize."

Ghati hakuuliza. Alisema, "Kosa la kumwambia mama yuko hai lilianzia kwangu. Nipe simu nilimalize mwenyewe."

"Hapana. Wewe si mtoto wake."

Jelagat akakwangua kadi ya simu, akabonyeza tarakimu zote zile ndefu, akawasha kipaza sauti cha simu ili wote wasikie. Ikaita. Kukawa na zogo la dukani, redio, kuku, kisha sauti ya mwanamke mzee ikaja imejaa furaha, ikasema kitu kwa Kinandi, ikakirudia.

"Anasema nimpe bwana yake simu, azungumze naye," Jelagat alinong'ona.

Akamwambia. Ghati hakukijua Kinandi, lakini alisikia jina Kipkemboi, na baada ya hapo sentensi moja fupi, na baada yake hakuna kitu isipokuwa redio ya dukani, ambayo mtu aliizima. Jelagat aliendelea kusema, akiomba msamaha pengine, akieleza. Mwishowe mama akauliza swali, sauti kavu.

"Anauliza, kama alikufa mwaka juzi, ni nani nilisikia kwa sinema." Jelagat akafuta pua kwa mkono. "Nimemwambia ni binti yake. Sasa anasema apige."

"Kwa simu?" Denise aliuliza alipofasiriwa. "Hapa?"

Denise akainama juu ya simu. Kwanza hakuweza, midomo ilitoa hewa tupu. Ghati akainuka, akaenda bombani, akajaza glasi, akamletea na jagi, akaanza kummiminia maji polepole kutoka kwenye jagi kuingia glasi, karibu na simu. Ndipo mluzi ukaja. Ulishuka, ukapumzika, ukavuja.

Huko dukani, ng'ambo ya dunia, kiti kilivutwa.

Mama akasema neno moja.

"Arudie," alisema Jelagat.

Denise akarudia, na safari hii hakukosea hata pumzi. Ulipovuja mara ya mwisho sauti ndogo ilitoka kwenye simu, mtu anayevuta hewa kwa ndani kama aliyeguswa na maji baridi. Kisha Jepkosgei akaanza kuongea, kwa utulivu, na maneno yalisikika kwa mbali, kama amegeuza uso kutoka kwenye simu.

Ghati aliutazama uso wa Jelagat ukibadilika.

"Anasema nini?"

"Anaongea na binamu yangu, mwenye duka." Jelagat alimeza mate. "Amesema ile maziwa ya kibuyu isimwagwe. Ni ya huyu msichana, siku akienda nyumbani."

Kwenye simu kulisikika droo ikivutwa, na sauti ya mwanamume ikisihi, na sauti ya Jepkosgei ikimkatalia.

"Na hiyo droo?"

"Amemwambia atoe wembe mpya kwa droo," alisema Jelagat. "Amesema anyolewe hapo hapo, kabla hajapanda kilima."